Kitambaa cha Kufutia Lenzi

Ukungu ulikuwa upande wa ndani wa kioo.

Mke wa Jicho aliufuta kwa kiganja, akidhani ni alama ya kidole. Haukufutika. Akakisugua kioo kwa gazeti, kama anavyofanya fundi yeyote wa fremu anayejua kazi yake, na bado doa lilikuwepo, jeupe, la mviringo, mbele kabisa ya mdomo wa mwanamke aliyekuwa kwenye picha. Akaweka gazeti mezani.

"Jicho, njoo uone. Huyu mama yako wa milimani anapumua."

Alisema kwa mzaha. Mumewe alitoka chumba cha kompyuta, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akatazama, akacheka.

"Gundi haijakauka hiyo. Fungua, ipigwe na upepo."

"Gundi ya wiki iliyopita?"

"Basi ni unyevu. Fundi ni wewe, unaniuliza mimi?"

Mkewe aling'oa misumari midogo ya nyuma, akaondoa ubao, akaitoa picha. Karatasi ilikuwa kavu. Kioo, alipokipitishia kidole, kilikuwa kikavu pia. Kulikuwa na harufu tu, moshi wa kuni mbichi, na pale karakanani hapajawahi kukokwa moto. Akaifunga fremu upya. Hata hajagonga msumari wa mwisho, ukungu ulikuwa umeshakaa mahali pake.

Jicho ni jina la utani alilolipata enzi za kupiga picha za harusi, na alilibeba kifua mbele. Wapigapicha wengine husimama nyuma ya kamera wakaagiza, inua kidevu, sogeza nywele. Yeye hakuagiza. Alikwenda mwenyewe, akashika kidevu kwa vidole viwili, akanyoosha ukosi, akaliweka sawa shela la bibi harusi, huku akiongea kwa sauti laini ya kubembeleza, na mtu akajikuta ameshapangwa kabla hajajua kama anataka kupangwa. Watu walisema ana mkono wa dhahabu. Na yeye ni nani awabishie?

Harusi zilipomchosha alipanda milimani, kwa watu wa asili wa kule, wale waliokuwepo kabla ya barabara na mipaka. Alirudi na nyuso. Picha kubwa, nyeusi na nyeupe, zilizompatia tuzo na kumkalisha redioni akihojiwa, na sasa zilikuwa zinaandaliwa kwa maonyesho katika ukumbi mkubwa wa mji. Picha ya mjane, yule aliyekuwa na ukungu mdomoni, ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango barabara nzima. Mwanamke wa makamo, kichwa wazi, anaitazama lenzi moja kwa moja, machozi yamemjaa machoni na hayajadondoka. Majaji wa tuzo walisema hiyo ni huzuni ya kale ya watu wanaopotea. Jicho aliipenda mno kauli hiyo, akawa anairudia hata mezani.

Akiulizwa aliipataje, alikuwa na hadithi yake, na mkewe alishaisikia mpaka akaijua kwa moyo. "Nilimkuta amekaa hivyohivyo. Sikusema neno. Akanitazama, nikabonyeza." Hapo ndipo watu walipokuwa wakipiga makofi.

Siku chache baada ya ukungu ule, mkewe alikwenda kununua vioo. Ulikuwa mchana kweupe, jua limesimama juu ya bati. Jicho alikuwa kwenye kompyuta aliposikia miguu mitupu karakanani, ikitembea juu ya saruji, taratibu. Ilipiga hatua, ikasimama. Ikapiga nyingine, ikasimama. Akajua ule ni mwendo gani, maana aliusikia katika kila maonyesho aliyowahi kuhudhuria: ni mwendo wa mtu anayetazama picha ukutani, moja baada ya nyingine.

"Karibu," akaita. "Bado hatujafungua, lakini karibu."

Hakuitikiwa. Miguu iliendelea kuufuata ukuta, ikasimama kwa kijana wa kwanza, ikasimama kwa mzee mwenye kovu, ikapita kwa wasichana wawili bila kukawia, na ilipofika mwisho wa ukuta, pale alipoegemezwa mjane, ilitulia kabisa, na Jicho akasikia pumzi, nzito, ya kifua kilichotembea mbali, ikitoka na kuingia, ikitoka na kuingia, mpaka harufu ya moshi ikampitia chini ya mlango.

Alipopiga moyo konde na kwenda kutazama, hapakuwa na mtu. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo kama alivyouacha. Lakini kwenye kioo cha kila picha ambapo miguu ilisimama palikuwa na doa la ukungu kwa nje, la mtu aliyesogeza uso karibu ili aone vizuri. Kwa mjane yalikuwa mawili. Moja nje, moja ndani, yakielekeana.

Aliyafuta ya nje kwa shati lake. Mkewe aliporudi hakumwambia kitu. Aliuliza bei ya vioo, akasifia kwamba ni vinene, akaenda sebuleni kunywa maji. Huko sebuleni ilining'inia picha ya harusi yao wenyewe. Upande wake ulikuwa safi. Upande wa mkewe ulikuwa na madoa mawili.

Kuanzia hapo mkewe alianza kubadilika. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mcheshi, wa kuimba huku akikata mbao, na msumeno wake ulijulikana mtaa mzima. Sasa msumeno ulinyamaza. Jicho alimkuta ameketi chini, yeye ambaye siku zote alidai sakafu inamuumiza nyonga, viganja juu ya magoti, uso mlangoni. Nywele zake zilinuka moshi hata akitoka kuoga. Akiulizwa jambo alichelewa kujibu, na siku moja alijibu kwa lugha ambayo Jicho aliwahi kuisikia mahali pamoja tu, kule milimani.

"Umesema nini?" akamuuliza.

Mkewe akapepesa macho. "Nimesemaje kwani?" Kisha akaanza kulia, polepole, kwa kujizuia. "Mume wangu, kuna mtu ananiita. Mchana, ukiwa umetoka. Ananiita kwa jina ambalo si langu."

"Usimsikilize."

"Sikiliza wewe. Hilo jina nimeshalizoea. Naona uvivu hata kukumbuka la kwangu. Najua siku nikiitika nitakwenda naye, na hapa utabaki na mtu mwingine."

Jicho alimkumbatia, na moyoni mwake, katikati ya woga, palikuwa na sehemu ndogo iliyokuwa ikijua kila kitu na kunyamaza.

Shangazi wa mkewe ndiye aliyekuja. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kanga mbili na haraka zake, na watu walimwita kwa mambo kama haya kuliko walivyokiri hadharani. Aliwasalimu, akamtazama mtoto wa kaka yake kwa muda, akawasha ubani kwenye chetezo na kuzunguka nacho vyumba vyote. Alipomaliza alimgeukia Jicho.

"Mkwe wangu, humu ndani mmeingia na kitu cha watu?"

"Hapana, shangazi."

"Fikiri vizuri. Jini haliingii nyumba ya mtu kwa kupotea njia. Linafuata kitu chake."

"Nimefikiri. Hakuna."

Alisema hivyo kwa macho makavu, kwa sauti ileile laini ya harusini. Moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda juu kama moshi wowote, ukainama. Ulishuka mpaka sakafuni, ukapita katikati ya miguu ya meza, ukaenda kujikusanya juu ya mkoba wa kamera uliokuwa pembeni. Shangazi akauelekezea kidole. Jicho akaufungua kwa sababu hakuwa na namna.

Ndani, lenzi zake zilikuwa zimeviringishwa kwenye kitambaa cha buluu iliyokoza, laini, kilichopauka pembeni.

"Hiki cha nini?"

"Cha kufutia lenzi."

Shangazi alikishika kwa ncha, akakifunua. Kilikuwa na mikunjo ya kufungwa kichwani, na kwenye fundo la zamani palinasa unywele. "Hiki ni cha mwanamke," akasema.

"Nilipewa."

Mkewe, aliyekuwa ameketi chini karibu na mlango, akacheka. Kilikuwa kicheko cha mwanamume mtu mzima, kifupi, cha mtu aliyesikia uongo aliousubiri. Shangazi akakiweka kitambaa chini, akachukua chetezo chake.

"Mimi mwisho wangu hapa," akamwambia Jicho kwa sauti ya chini. "Unachokificha ndicho kinachomla mtoto wetu. Kamtafute mwenye kitambaa hiki. Na ufanye upesi, hana siku nyingi huyu."

Alimpigia simu mkalimani, mwanamume wa kulekule milimani aliyemkodi kwenye safari ile. Salamu zilikuwa ndefu na za furaha mpaka Jicho alipotaja kitambaa.

"Uko nacho wewe?" mkalimani akasema. "Tulikitafuta mpaka mtoni, kaka. Wanawake walitafuta siku nzima."

"Kilikuwa cha nini?"

"Nilikwambia kilikuwa cha nini."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia ukiwa unafunga lenzi. Kwetu mume akifa, mke anafunikwa uso. Marehemu hurudi nyumbani kumtafuta, asimwone. Kitambaa kikichakaa chenyewe na kudondoka, marehemu ameshausahau uso, anakwenda zake. Nilikwambia yote hayo. Ukasema, dakika moja tu."

Jicho alikaa chini. Alijua kwamba ni kweli. Aliyasikia maneno yale siku ile kama mtu anavyosikia mvua ya nyumba ya jirani.

"Hapa wanasema ni jini," akanong'ona.

"Sisi hatumwiti jini. Ni mume wa mtu."

Alimwacha mkewe mikononi mwa shangazi, aliyekubali kumlinda tu, akasafiri milimani, na mkalimani akampeleka. Alimkuta mjane nje ya nyumba yake, amevaa fulana ya timu ya mpira, simu inachaji kwenye kipaneli cha sola, mtoto mchanga amelala kwenye mkeka kando yake. Jicho aliitazama ile fulana na aibu ikamvaa. Mwaka ule aliwavua wanaume fulana za namna hiyo, akawavua saa, akayasogeza madumu ya maji nyuma ya nyumba ili yasionekane, kisha akaenda redioni kuhuzunika juu ya watu wanaopotea.

Alikitoa kitambaa. Mjane akamvuta mtoto wake upande wa pili.

"Usikilete karibu na huyu," alisema, na mkalimani akatafsiri huku akitazama chini.

"Mama, nimekuja kukirudisha. Naomba unisamehe. Mke wangu anaisha."

"Nilingoja adhabu," mjane akasema. "Uso wangu ulionekana, nikajua atanichukua. Nikangoja msimu mzima. Hakuja. Nikalala usingizi, nikaolewa, nikazaa. Nikajiuliza amekwenda wapi." Alimtazama Jicho kwa macho yaleyale ya mabangoni, ila sasa yalikuwa makavu. "Kumbe alikufuata wewe. Wewe ndiye uliyeondoka na uso wangu. Wafu hawapandi gari, amechelewa kwa sababu ya miguu. Halafu mkamwekea uso huo kila barabara, umwelekeze."

"Kichukue basi, mama."

"Nikikichukua anarudi kwangu. Na kwa huyu." Akaweka mkono juu ya mtoto. "Ndicho unachotaka?"

Na Jicho alitaka kusema ndiyo. Neno lilimfika kwenye ulimi. Alimwona mkewe sebuleni, viganja magotini, na alikuwa tayari kumtupia mwanamke huyu mzigo kwa mara ya pili ili alale salama. Mjane alisubiri, na alipoona ameinamisha kichwa akajua alichokuwa anakimeza. Jicho hajawahi kuonwa wazi namna ile. Alitamani ardhi ipasuke.

"Kitambaa hakijamaliza kazi yake," mjane akaendelea bila kupandisha sauti. "Anaongozwa na jicho lililoniona. Lifunike hilo. Ukivae wewe, mchana na usiku, mpaka kichakae na kuanguka chenyewe. Usikikate, usikivue hata kidogo. Atakuomba ukivue."

"Ataniomba?"

"Kila mchana. Mimi aliniomba kwa sauti ya mama yangu. Na mtu hajifungi mwenyewe. Utafungwa na mkeo, na lazima ajue sababu yote. Akifunga bila kujua, fundo halishiki." Akamchukua mtoto, akainuka. "Na uso wangu niletee. Wote, mpaka wa mabango."

Aliporudi, shangazi alikuwa ameushikilia mlango kwa mgongo wake. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, wima, midomo imeachana, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayeitwa na aliye karibu sana, na koo lake lilikuwa likipanda na kushuka likitafuta sauti ya kuitikia.

"Mke wangu, nisikilize mimi kwanza," Jicho akasema. "Ile hadithi ya picha ni uongo."

Kichwa cha mkewe kikageuka kidogo.

Akamwambia. Alimwambia kwamba hakumkuta amekaa vile. Alimkuta amefunikwa uso, na mkalimani akasema haiwezekani, na mjane mwenyewe akatikisa kichwa na kushika ncha ya kitambaa kwa mikono miwili. Mwanga ulikuwa mzuri, ulikuwa unaondoka. Akamwendea kama anavyowaendea maharusi. Akasema, toa hicho kitambaa, mama, kinaharibu picha, dakika moja tu. Alisema kwa upole, akitabasamu, na huku anasema vidole vyake viwili vilikuwa vimeshashika pindo, na akavuta. Mjane alivuta upande wake, kidogo, halafu akaachia. Ndipo machozi yakaja. Yeye akaona machozi, akaona ni mazuri, akabonyeza. Palikuwa na vumbi kwenye lenzi, akaifuta kwa kile kilichokuwa mkononi mwake, akakisukumia mkobani na kukimbilia uso mwingine. Hakukumbuka hata kukirudisha. Baadaye alikiona ni laini kuliko vya dukani, akakitumia.

Mkewe alikuwa ameshafunga mdomo. Macho yake yalikuwa yake mwenyewe, na Jicho angependelea yasiwe, kwa jinsi yalivyomtazama.

"Mimi nimekuwa nikifuta vumbi kwenye yale machozi," mkewe akasema. "Kila asubuhi. Naambia wateja tazameni, mume wangu alivyo na jicho."

"Naomba unifunge."

Alimfunga. Hakumfunga kwa upole. Alikizungusha usoni, akakaza fundo nyuma ya kichwa kwa nguvu za mtu aliyezoea kukaza fremu, na katika giza lile la buluu Jicho alisikia kitu kikipita karibu ya sikio lake, kikiondoka mlangoni, kikija kusimama upande wake.

Maonyesho hayakufanyika. Mkewe aliyatoa mabango mwenyewe, akafungasha picha zote, akazipeleka milimani. Rangi yake ilirudi, na msumeno ukaanza tena, ingawa bila nyimbo. Humpa mumewe chakula, humwongoza bafuni kwa kumshika kiwiko, na humwita "wewe". Watu wakiuliza, hujibu kwamba mwenzake anaumwa macho.

Jicho hukaa karakanani, kwenye kiti kilichoegemea ukuta ambapo zamani palikuwa na picha ya mjane. Kitambaa amekivaa tangu mvua za mwaka jana mpaka za mwaka huu. Hukipapasa kutafuta uzi uliolegea. Pindo lililokuwa limepauka, mkewe anasema, limekoza rangi tena.

Mchana, msumeno ukinyamaza, miguu mitupu huja. Huufuata ukuta usio na kitu, taratibu, hatua na kusimama, hatua na kusimama, mpaka inamfikia, na pumzi yenye moshi humlowesha kitambaa kwa nje, mbele ya mdomo, pale ambapo pumzi yake mwenyewe imekilowesha kwa ndani. Mwanzoni iliomba kwa sauti ya mkewe. Kisha kwa sauti ya marehemu baba yake. Hizo aliziweza.

Siku hizi huomba kwa sauti yake yeye, Jicho, sauti laini, yenye tabasamu, ambayo haijawahi kukataliwa na mtu.

"Toa hicho kitambaa. Kinaharibu picha. Dakika moja tu."

Na vidole viwili, baridi, huwa vimeshashika pindo. Jicho hukamata ncha ya upande wake kwa mikono miwili na kutikisa kichwa.